Nilivyojifunza kuzijua njama bila kupoteza maombi yangu

Naandika haya kwa ndugu zangu waumini ambao simu zimejaa klipu za 666 (ile alama ya mnyama ya kitabu cha Ufunuo), Illuminati (kundi la siri linalosemwa linaendesha dunia), chipu na chanjo na usingizi umepungua, na pia kwa wale ambao mama yao ama kaka yao amefika huko na hawajui waanzie wapi kuongea naye. Mimi nimepita hapo. Na niseme mapema, manake wengi wakisikia mtu ametoka kwa hayo mambo wanadhani sasa anameza kila kitu serikali inasema: mimi bado naamini njama ziko. Mkenya atakataaje? Sisi tuliishi ile kashfa ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 90, kampuni inalipwa mabilioni ya pesa za umma kwa kuuza nje dhahabu na almasi, na almasi yenyewe nchi hii haina. Marekani nako, pale Tuskegee kwenye jimbo la Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 idara ya afya ya serikali iliwaangalia tu mamia ya wanaume weusi wenye kaswende wakiumwa na wengine wakifa, hawakutibiwa, na penisilini ilikuwa ishajulikana tangu miaka ya 40 kwamba inaponya. Kwa hivyo mtu akikuambia wakubwa hawawezi kukaa chini wakapanga ubaya, huyo hajasoma historia.

Kilichonisumbua ni vile kujua kule kulianza kula nafasi ya Mungu ndani yangu, polepole, na mimi nikiona ndio nakua kiroho.

Nafanya kazi kwa saiba huku Likoni, Mombasa, kuchapa, kufotokopi, kujazia watu mambo ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na ya KRA, wale wa kodi. Aprili 2019 serikali ikazindua Huduma Namba, kila mtu aandikishwe, alama za vidole, picha, habari za wazazi, namba zote ulizonazo ziingie mahali pamoja, na maneno yakawa ukikosa hiyo namba huduma za serikali hupati. Watu wakaja kwangu kwa wingi kutoa fomu. Na kila wa tatu alikuwa na swali moja. Namkumbuka mzee mmoja aliyekaa kwa kiti cha plastiki pale mlangoni, fomu ameikunja mara nne mpaka imekuwa ndogo kama kitambulisho, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii namba yaanza na ngapi?" Alikuwa anaogopa ni 666. Nikamwambia sijui mzee. Akanirudishia fomu na shilingi zake hakuzitaka. Mtu mzima wa makamo yake anatetemeka mbele ya karatasi, mimi ile kitu iliniingia.

Usiku ule nikaanza kutafuta. Saiba ina wifi, nikifunga mlango nabaki ndani na kompyuta, video moja inakuletea nyingine, Huduma Namba inakupeleka kwa barkodi, barkodi inakupeleka kwa chipu ya mkononi, chipu inakupeleka kwa benki za dunia na familia zinazomiliki dunia, na ukitazama saa ni saa nane za usiku na hujala. Ndani yake kulikuwa na vitu vya kweli, hilo ndilo watu hawaelewi wanapotucheka. Mwaka mmoja tu kabla, 2018, wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyotumia data za watu kwa siasa, walikuwa wamenaswa kwa kamera ya siri wakijisifu vile walivyoendesha kampeni za 2013 na 2017 hapa kwetu Kenya. Hiyo si uzushi, ilitangazwa dunia nzima. Sasa ukishaonyeshwa kitu kimoja cha kweli, vile kumi vinavyofuata unavipokea bila kuviangalia, mlango uko wazi.

Grupu yetu ya maombi ya WhatsApp ikageuka. Zamani ilikuwa asubuhi mtu anaweka neno, mwingine anaomba tumkumbuke mtoto wake anafanya mtihani, jioni tunaulizana nani mgonjwa tumtembelee. Kufika mwisho wa 2019 ilikuwa ni klipu juu ya klipu, zile zenye mishale miwili ya kuonyesha zimefowadiwa mara nyingi, na voisi za watu hatuwajui wanalia. Mama mmoja wa grupu alilazwa wiki nzima, tukaja kujua akiwa ameshatoka. Wiki nzima! Na siku hizo hizo tulikuwa tunajadiliana kama nembo ya kampuni fulani ina pembe.

Maombi yangu mwenyewe yalibadilika na ningetamani mtu angenionyesha mapema. Shukrani ziliisha kabisa. Nikipiga magoti nilikuwa nasoma orodha ya maadui, mashirika, matajiri, mifumo, navunja na kubomoa saa nzima na nikiinuka mwili umechoka na moyo umekaza. Kwa Biblia nilikuwa nasoma Ufunuo na Danieli peke yake, Injili nilikuwa siifungui. Pasta akihubiri upendo nilikuwa naona anatupotezea muda. Pesa nayo ilienda: kuna mhubiri wa mtandaoni alikuwa anauza mafuta ya kuzuia ile alama ya mnyama, unatuma kwa M-Pesa halafu unaletewa chupa, mimi nilituma mara kadhaa na kuna mwezi nilichelewesha kodi ya nyumba kwa sababu hiyo. Ukiona mafundisho yoyote ya siku za mwisho yanamalizikia kwa namba ya kutuma pesa, hebu funga hiyo simu kwanza ulale.

Halafu korona ikaja na 2021 chanjo. Kenya tulianza kuchanja Machi mwaka huo, AstraZeneca. Mama yangu ana sukari, amezeeka, na alikuwa anasikia kwa chama chao cha kina mama kwamba anayechanjwa atakufa ndani ya miaka miwili. Pia kina mama wa huku hawajasahau 2014, ile kampeni ya chanjo ya pepopunda ya wanawake wa umri wa kuzaa, maaskofu wa Katoliki walipojitokeza wakasema sampuli walizopima zilikuwa na homoni ambayo walidai ingewazuia kushika mimba, serikali na WHO na UNICEF wakakana, na wanawake wakabaki katikati hawajui wamwamini nani. Uoga wa mama haukuanzia kwa simu yangu, ulikuwa na mizizi yake.

Basi siku moja akaniita, akaniambia, "Wewe ndiye wajua mambo ya mtandao. Niambie, nichanjwe ama nisichanjwe?"

Hapo ndipo mambo yaligeuka kwangu. Kufowadi kwa watu mia mbili hakuna uzito, lakini kumjibu mama mzazi mwenye sukari ni kitu kingine, manake nikisema uongo huu ama ule jeneza ni la kwetu. Nikarudi saiba usiku lakini safari hii nilitafuta kwa njia tofauti, nikasema sitatazama klipu, natafuta chanzo. Ile habari ya miaka miwili ilikuwa inasemwa imetoka kwa daktari wa Kifaransa aliyeshinda tuzo ya Nobel, Luc Montagnier. Nikatafuta mahojiano yake yenyewe. Kweli alikuwa anaipinga ile kampeni ya chanjo, lakini hayo maneno ya kufa miaka miwili hayakuwemo, mtu mwingine alimwekea mdomoni na picha yake ikabandikwa pembeni. Nikaendelea, nikakuta habari za damu kuganda, na hizo zilikuwa za kweli: Aprili 2021 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitangaza kwamba AstraZeneca inaweza kuleta damu kuganda kwa watu wachache sana. Nikakuta pia kwamba mtu mzee mwenye sukari korona ikimshika humuumiza kuliko mtu mwingine.

Nikamwambia mama vyote. Hiki ni uongo, nimekitafuta hakipo. Hiki ni kweli, kipo, ni cha nadra. Na hii ndio hatari yako ukikaa bila. Sikumpigia kelele wala sikumhubiria. Akanyamaza akifikiria, akauliza maswali mawili matatu, halafu akasema basi twende Jumatatu lakini tuombe kwanza. Tukaomba sebuleni, sala fupi, ya kumshukuru Mungu kwa uhai na kumwomba atulinde njiani na pale hospitali. Ilikuwa ni muda mrefu sijaomba sala ya namna hiyo, ya kumwambia Mungu asante na kumkabidhi mtu ninayempenda, bila kumtaja adui hata mmoja, na nilipoinuka nilihisi mwili mwepesi.

Baada ya hapo nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa letu, mtu mpole, amefundisha Biblia tangu mimi sijazaliwa. Nikamwambia ukweli kwamba Ufunuo imenitia hofu mpaka silali. Hakunishangaa. Akafungua sura ya 13, ile ya alama kwa mkono wa kuume ama kipaji cha uso, asiye nayo hawezi kununua wala kuuza, tukasoma pamoja. Akanieleza kwamba barua ile iliandikiwa makanisa saba ya Asia Ndogo, watu halisi waliokuwa chini ya Warumi, ambapo Kaisari alikuwa anaabudiwa na ukikataa maisha yanakuwa magumu hata sokoni, na kwamba wasomi wengi wakihesabu jina la Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania wanapata 666. Akasema pia vizazi vingi vimewahi kusema alama ndiyo hii sasa imefika, na vimepita. Halafu akanigeuzia ukurasa, sura ya 14 mstari wa kwanza, akaniambia soma kwa sauti. Pale Mwanakondoo amesimama juu ya mlima Sayuni na wale walio pamoja naye wana jina lake na jina la Baba yake limeandikwa katika vipaji vya nyuso zao. "Dadangu," akaniambia, "umetazama video ngapi za alama ya sura ya 13? Na ya sura ya 14 umetazama ngapi?"

Hata moja. Ni mistari michache tu mbele, ziko karibu karibu, na mimi miaka yote nilikuwa nasimama kwa ile ya mnyama. Mzee akasema kitabu kile kiliandikwa kuwapa moyo watu walioonewa, na mtu akikitumia kukunyima moyo ujue amekishika vibaya. Akanipa pia Isaya 8:12, ambapo Mungu anamkataza nabii asiite fitina, yaani njama, kila kitu ambacho watu wanakiita fitina, na asiogope wanachokiogopa. Mimi nilikuwa nimeisoma Isaya sijui mara ngapi na sikuwahi kuuona huo mstari.

Kitu kingine kilichonifungua macho ni mahakama. Siku moja natafutia mteja kitu nikakutana na kesi ya Huduma Namba. Kumbe wakati sisi tunakesha tukiikemea ile namba, kuna watu walikuwa wameenda Mahakama Kuu tangu mwanzo wa 2019, wakiwemo jamii ya Wanubi kupitia shirika lao la Nubian Rights Forum, ambao kwa miaka wamekuwa wakisumbuliwa kupata vitambulisho na waliogopa mfumo huu mpya utawaacha nje kabisa. Januari 2020 majaji walisema kuchukua DNA na kurekodi mahali mtu alipo kwa GPS ni kinyume cha katiba, na kwamba mfumo usiendelee mpaka kuwe na sheria za kutosha za kuulinda. Oktoba 2021 mahakama ikasimamisha tena utoaji wa zile kadi kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari kwa data za watu vile sheria ya kulinda data ya 2019 inataka.

Nilikaa nikafikiria hiyo kitu siku nyingi. Wasiwasi wetu kuhusu ile namba ulikuwa na ukweli ndani yake! Kulikuwa na jambo la kuuliza, nani anaweka data zetu, nani anazifikia, nani ataachwa nje. Lakini sisi tuliligeuza pembe na mkia, na ukishaligeuza hivyo hakuna mtu wa kumuuliza, hakuna ofisi ya kwenda, unabaki kuogopa tu. Wale wengine walichukua wasiwasi ule ule wakauandika kwa karatasi, wakaweka sahihi majina yao, wakasimama mbele ya jaji. Ndio nikakumbuka hata Goldenberg ilijulikana kwa njia hiyo, karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, aliona makaratasi ya malipo hayaeleweki, akayatoa yakafika kwa wabunge, akakamatwa na akapoteza kazi yake. Njama ya kweli ina karatasi, ina tarehe, ina mtu ambaye amelipia gharama kuisema. Siku hizi mtu akiniletea jambo naliangalia kwa hayo: hii naweza kuifuatilia mpaka mwisho? Kuna kitu ambacho kingetokea nikajua si kweli? Kama jibu ni hapana, kwamba ushahidi ukikosekana hiyo nayo inaitwa ushahidi kwamba wameuficha, hiyo naiacha, hata kama inanisisimua, na haswa kama inanisisimua.

Na kuna swali la pili, la kiroho, ambalo kwangu lina uzito zaidi. Nikimaliza kutazama, naweza kuomba? Namaanisha kuomba kwa utulivu, kumwombea jirani kwa jina. Paulo anamwambia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Kuna habari za kweli na za kutisha ambazo nimesoma, ile ya Tuskegee ni mojawapo, na nilipomaliza nililia nikawaombea, na nikaanza kuwaelewa wazee wanaoogopa sindano. Na kuna klipu nimetazama zikaniacha nawachukia watu nisiowajua na naona wenzangu wote ni wajinga hawajaamka. Siku hizi hiyo tofauti nikiihisi tu naizima ile klipu, haijalishi imefika wapi.

Jirani yangu mmoja Mwislamu, tunaongea sana tukianika nguo, nilipomweleza haya akaniambia kwao Suratul Hujurat inawaamrisha kabisa, akikujieni mpotovu na habari ichunguzeni, msije mkawadhuru watu kwa kutojua mkajuta. Akasema kwake kufowadi kitu hujakichunguza ni jambo la kutubia. Nilimshukuru, manake kwa grupu yetu kuchunguza kulikuwa kunaitwa kukosa imani.

Aprili 2023 ndio ikaja Shakahola. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa, msitu uko kaunti ya Kilifi, huku nyuma ya Malindi, na miili iliyofukuliwa ilipita mia nne, watoto wengi ndani yake, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge wasile ili wakutane na Yesu. Kabla ya msitu kulikuwa na mafundisho kwamba shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, Huduma Namba ni alama. Nilipoona picha za wale watoto kwa runinga nilitoka nje nikakaa kwa ngazi. Yale maneno ya mwanzo niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia kwa voisi, kwa grupu yetu, na kuna mengine niliitikia amina. Sisemi kila anayetazama klipu ataishia msituni, wengi hawafiki huko, lakini barabara inaanza kwa mafundisho yanayokuambia usimwamini daktari, usimwamini mwalimu, usimwamini mzazi wako, halafu mwisho anabaki mtu mmoja tu wa kumwamini.

Grupu yetu tuliibadilisha, na haikuwa rahisi, kuna waliotoka kwa hasira na mmoja mpaka leo tukikutana feri anaangalia upande mwingine, inaniuma. Tulikubaliana kitu kikiwekwa aliyekiweka aseme ametoa wapi na kama amekisoma chote, na kila Jumatano ni majina ya wagonjwa na wenye shida peke yake. Mimi binafsi simu naiacha sebuleni ikifika saa tatu usiku, nasoma Injili kwa mfuatano, sura moja. Jumamosi twaenda kuona watu. Habari za ufisadi na data bado nafuatilia, Maisha Namba, ile namba mpya ya serikali baada ya Huduma Namba, ilipokuja 2023 nilisoma na nikawaeleza wateja wangu ni nini na nini cha kuuliza, na yule anayeogopa simcheki hata kidogo.

Kama uko na mtu wako amezama, usianze kwa kumtumia makala za kumpinga, atakuona umetumwa. Nenda umwone kwa macho. Muulize ni nini hasa kinamtisha, utakuta mara nyingi ni mtoto, ni ugonjwa, ni pesa, na hapo ndipo mnaweza kuomba pamoja. Kubali yale ya kweli anayosema, tena kwa sauti. Mkitafuta chanzo mtafute mkiwa wawili, kitu kimoja tu kwa siku, msirukie kingine. Lakini ukiona ameanza kutoa watoto shule, anakataa mgonjwa asipelekwe hospitali, anauza shamba ama vyombo ili ahamie kwa mhubiri, ama amekatazwa kuongea na jamaa zake, hapo mambo ya kuelewana polepole yameisha. Nenda kwa chifu ama polisi siku hiyo hiyo, na kama kuna mtoto ndani ya hiyo nyumba piga 116, ni laini ya watoto, haitozwi pesa, wanashika simu mchana na usiku.